Jumapili Bila Padre: Historia ya Kusanyiko la Waamini katika Pwani ya Tanga



Katika vigango vyetu vingi vya pwani hii kuna neno linalosikika karibu kila mwezi. Kengele imepigwa, watu wametoka majumbani, na mmoja anauliza njiani: "Je, leo padre yupo?" Akijibiwa kwamba padre yuko kigango kingine, husema, "Kumbe leo ni ibada tu," naye hugeuza njia akaenda shambani au gulioni. Neno hilo dogo, "tu", ndilo tunalotaka kulitazama leo. Hatutalitazama kwa kugombeza, bali kwa historia. Twaamini ya kwamba mtu aliyekwisha kujua jinsi Jumapili ilivyofika na kudumu katika nchi hii, kutoka Bagamoyo hadi Pangani, na kutoka Tanga hadi Korogwe, hawezi tena kulitamka kwa wepesi.

Tuanze mbali kidogo. Mwezi wa Aprili 1498 merikebu za Vasco da Gama zilipita mbele ya pwani yetu zikielekea Mombasa, na mojawapo, iliyoitwa São Rafael, ikakwama katika miamba ya Mtangata, karibu na magofu ya Tongoni, kusini ya mji wa Tanga. Mwanzoni mwa mwaka 1499, walipokuwa wakirudi kutoka Bara Hindi, mabaharia walikuwa wamepungua mno kwa maradhi, hata hawakutosha kuendesha vyombo vyote. Basi wakaichoma moto São Rafael pale pale, wakaenda zao. Wareno wale walikuwa Wakristo, nao walikuwa na misalaba katika matanga yao. Hata hivyo, kwa upande wa imani hawakuacha Mtangata kitu chochote ila majivu ya merikebu.

Baadaye Wareno walirudi na kukaa. Walianza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1593, na mapadre wa Mtakatifu Augustino wakafanya kazi Mombasa na Unguja. Tusiwadharau watu wa wakati ule. Mwaka 1631, Sultani Yusuf bin Hasan alipoasi na kuwageukia Wakristo wa Mombasa, wapo Waafrika waliokubali kufa pamoja na Wareno kuliko kuikana imani, na Kanisa halijawasahau. Lakini kanisa lile lilitegemea ngome. Ngome ilipoanguka mikononi mwa Waomani mwaka 1698, Jumapili nayo ikaanguka katika pwani yote ya kaskazini. Kule Unguja Waomani walijenga ngome yao mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Wataalamu wa lugha wanasema kwamba neno letu "gereza" latokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Inasikitisha, lakini yafaa tulikumbuke: karne mbili za Wareno katika pwani hii zilituachia neno la kanisa, na watu wakalitumia kwa kumaanisha kifungo.

Kwa nini halikubaki hata kundi dogo la kusali? Wanahistoria watatoa sababu nyingi, za vita, za biashara na za utawala. Sisi twaona moja zaidi. Katika pwani hii hawakuandaliwa watu wa kukusanyika bila padre na bila askari. Padre alipoondoka na jahazi, hakuna mtu aliyejua kupiga kengele.

Sasa tuingie katika karne ya 19. Mwezi wa Desemba 1860 Padre Armand Fava na wenzake walifika Unguja kutoka kisiwa cha Réunion. Mwaka 1863 kazi yao ilichukuliwa na Shirika la Roho Mtakatifu chini ya Padre Antoine Horner, na mwaka 1868 shirika hilo likavuka bahari na kujenga Bagamoyo. Watu wa kwanza wa kusanyiko la Bagamoyo walikuwa watumwa waliokombolewa, wengi wao watoto, waliotolewa katika soko la Unguja kabla halijafungwa mwaka 1873. Hawakuwa na ukoo mmoja wala lugha moja. Mmoja alitoka Nyasa, mwingine Uzigua, mwingine hakukumbuka alikotoka. Kilichowaunganisha kwanza kilikuwa ni saa za sala na lugha ya Kiswahili, ambayo wengi wao walijifunza pale pale. Padre Charles Sacleux, aliyefika mwaka 1879, aliisikiliza lugha hiyo kwa makini kwa miaka mingi, na kamusi yake kubwa, iliyotoka Paris mwaka 1939, hata leo haijapitwa na nyingi.

Hatupaswi kupamba mambo. Maisha ya kijiji kile cha Wakristo yaliendeshwa kwa kengele tangu alfajiri hadi usiku. Kazi za shamba zilikuwa nyingi, na wapo waliotoroka. Lakini wamisionari wa Bagamoyo walifanya jambo moja ambalo Wareno hawakulifanya. Walipokwenda bara, hawakwenda peke yao. Walipoanzisha Mhonda mwaka 1877 na Mandera mwaka 1881, walifuatana na familia za vijana Wakristo waliofunga ndoa Bagamoyo. Kwa hiyo padre alipofika mahali papya, kusanyiko lilikuwa limefika pamoja naye. Na alipougua, maana ukitembelea makaburi ya wamisionari pale Bagamoyo utaona jinsi walivyokufa wakiwa vijana, kusanyiko lilibaki. Homa ya malaria ndiyo iliyoifundisha pwani hii kusali bila padre kabla hakijatoka kitabu chochote cha kufundisha jambo hilo.

Huku Tanga na Usambara waliotangulia ni ndugu zetu Waanglikana, waliokwisha kuingia Magila, karibu na Muheza, katika miaka ya 1860, na baadaye Walutheri wa Bethel, waliofika mwanzoni mwa miaka ya 1890. Mapadre wetu wa Roho Mtakatifu nao walifika mji wa Tanga katika miaka hiyo ya 1890, wakati Wajerumani walipoanza kutandika reli. Reli hiyo ilifika Korogwe mwaka 1902, Mombo 1905, na Moshi 1911. Ilipofika huko juu, nguvu za wamisionari wetu zilipanda nayo. Kilimanjaro watu waliomba ubatizo kwa maelfu, ilhali pwani wenyeji wengi walikuwa Waislamu tangu karne nyingi, na Wakristo walikuwa wachache na waliotawanyika. Tangu mwaka 1910 Tanga ilihesabiwa katika Vikarieti ya Kilimanjaro, na mtu akitazama ramani ataelewa mara moja: padre aliyetakiwa Kilema au Kibosho hakuweza kuwa Pangani.

Kisha ikaja Vita Kuu. Watu wa Tanga husimulia mapigano ya Novemba 1914 kwa sababu ya nyuki waliowavamia askari wa Waingereza waliotoka India, na kwa hakika ni kisa cha kusimuliwa. Lakini kwa habari ya ibada, yaliyofuata ni makubwa zaidi. Wamisionari Waingereza wa Magila walikamatwa na serikali ya Wajerumani, wakawekwa kizuizini hadi Tabora ilipotekwa mwezi wa Septemba 1916. Baadhi ya mapadre na walimu Waafrika nao walikamatwa na kuteswa, wakishukiwa kuwa wapelelezi. Upande wa pili, vita vilipokwisha, Wajerumani wa Bethel walifukuzwa mwaka 1920, wala hawakurudi hadi mwaka 1925. Kwa miaka hiyo mitano sharika za Kilutheri za Usambara na pwani zilishikwa na walimu wenyeji. Tunayataja haya ya ndugu zetu kwa heshima, tena kwa sababu yanahusu nchi hii moja tunayokaa. Bonde na milima ya Tanga imekwisha kujaribiwa mara mbili kwa jambo lile lile: mchungaji aliyetoka ng'ambo ameondolewa, je, kundi litasambaa? Halikusambaa.

Tufike sasa kwenye mkonge, maana hapa ndipo ilipo habari yetu hasa, sisi Wakatoliki wa Tanga.

Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62, nayo ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto Pangani. Kutokana na miche hiyo 62 yalitoka mashamba yaliyofunika nchi kutoka Pangani, Muheza na Ngomeni hadi Hale, Korogwe na Mazinde. Mashamba yalihitaji mikono, na wenyeji wa pwani, waliokuwa na minazi yao, mashamba yao ya muhogo na nyavu zao, hawakuona sababu ya kukata mkonge kwa ujira ule. Ndipo wakaletwa watu kutoka mbali: Wamakonde na Wayao kutoka kusini, Wangoni na Wabena kutoka nyanda za juu, Waha na Warundi kutoka magharibi, Wanyamwezi na wengineo. Kila mmoja alipewa namba, na kwa sababu hiyo wakaitwa manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha shirika lao la kuandikisha wafanyakazi, lililojulikana kwa jina la SILABU. Katika miaka iliyofuata watu wa mkonge walizidi laki moja. Kila mtu alikuwa na kipande chake cha siku 30 za kazi, na siku isiyofanyiwa kazi haikuandikwa.

Miongoni mwa watu hao walikuwamo Wakatoliki wengi. Huyu alibatizwa na Wabenediktini wa Peramiho au Ndanda, yule na Mapadre Weupe kule Kigoma au Urundi. Walifika katika kambi za mkonge na sanduku la mbao au fungu la nguo, na ndani yake chuo cha sala kilichopigwa chapa Peramiho au Tabora. Jumapili ya kwanza mtu alitafuta kanisa. Kanisa hapakuwapo, na padre alikuwa mjini, mwendo wa saa nyingi, akipita kambini mara chache kwa mwaka. Basi walikusanyika chini ya mwembe, au katika banda lisilotumika karibu na korona, na mmoja wao aliyejua kusoma akashika kitabu. Kengele ilikuwa kipande cha chuma cha reli kilichotundikwa mtini.

Tafadhalini, mfikirini mtu huyo aliyeshika kitabu. Juma zima alikata mkonge au alianika singa kama wengine. Hakuwa na mshahara wa kanisa. Alianzisha ishara ya msalaba, akaongoza sala za asubuhi na tendo la kutubu, akasoma Injili ya Jumapili, akaeleza sehemu ya katekisimu kadiri alivyofundishwa kwao. Wakasali Rozari au Litania, wakawaombea wagonjwa na marehemu, wakaimba. Hata kuimba kulikuwa na taabu yake, kwa sababu maneno ya vitabu hayakulingana: mtu wa Peramiho alisali hivi, mtu wa Tabora alisali vile, na walipofika katika neno wasilopatana, sauti zilipishana. Siku baada ya siku walipatana. Padre alipofika kwa pikipiki au kwa treni, alikuta watoto waliokwisha kufundishwa, walio katika hatari ya kufa waliokwisha kubatizwa, ndoa zilizongoja kubarikiwa, na orodha ya majina iliyoandikwa kwa penseli.

Na kulikuwa na jambo la kuzikana. Mwenyeji wa pwani akifa, ana ukoo wa kumzika. Manamba alikufa mbali, na ndugu zake wa Tunduru au Kasulu pengine hawakupata habari hata baada ya mwaka. Ni nani atakayemchimbia kaburi? Wazee wa mashamba ya mkonge wametusimulia mara nyingi kwamba katika kambi wale waliosali pamoja Jumapili ndio waliokuwa ukoo wa marehemu. Walikesha, walitoa sanda, walichimba, na mwalimu aliongoza sala za maziko. Mmakonde alizikwa na Mrundi, na Mbena akalia kama aliyefiwa na nduguye. Kwa watu wale kusanyiko la Jumapili halikuwa desturi ya dini peke yake. Ukikosa Jumapili tatu bila habari, watu walikuja kukutazama chumbani, kwa kuwa pengine ulikuwa unakufa.

Mwaka 1945 walifika Tanga mapadre Warosmini, mwaka 1950 Tanga ikafanywa Prefektura, na tarehe 24 Februari 1958 ikawa Jimbo, Askofu wake wa kwanza akiwa Eugene Arthurs. Wageni wale walifanya kazi kubwa, walijenga shule na makanisa, nasi tunawashukuru. Lakini yafaa isemwe wazi kwamba hawakulikuta jangwa. Katika mashamba mengi walikuta Jumapili imekwisha kuwako.

Hapa tuna jambo la kustaajabisha kidogo, ambalo wengi hawajaliona. Katika miaka hiyo yote Misa yenyewe ilikuwa kwa Kilatini. Padre alisimama akielekea altare, akasali kwa sauti ya chini, na waamini nyuma yake walisali Rozari au waliimba nyimbo zao. Walikuwapo kwa imani na heshima kubwa, na Misa ile ilikuwa Misa kweli, Sadaka ile ile ya Kristo. Lakini maneno yake hawakuyaelewa. Kinyume chake, siku ambayo padre hakuwapo, kila neno la ibada lilikuwa Kiswahili, kila mtu alijibu, na Injili ilisikika kwa lugha ya sokoni na ya nyumbani. Kwa hiyo ile "ibada tu" ndiyo iliyokuwa kwa miongo mingi shule ya watu wetu ya kusali kwa pamoja na kwa sauti.

Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya Liturujia Takatifu. Ulitaka waamini wasiwe kama watazamaji mbele ya fumbo la imani, bali washiriki kwa akili na kwa matendo. Uliruhusu lugha za watu. Tena, katika ibara ya 35, ulihimiza ibada za Neno la Mungu mahali pasipo na padre, zikiongozwa na shemasi au na mtu mwingine aliyepewa ruhusa na Askofu. Mwaka huo huo Padre Stephen Mbunga, Mtanzania, alitoa kitabu chake juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, akionyesha kwamba ngoma na mahadhi yetu yana nafasi mbele ya Mungu. Misa ilipoanza kuadhimishwa kwa Kiswahili katika miaka iliyofuata, mahali pengine duniani watu walihangaika, hawakujua wafanye nini kwa midomo yao. Huku kwetu watu wa kambi za mkonge walikuwa wamekwisha kuzoea kujibu. Hata Kanisa Kuu letu la Mtakatifu Antoni pale Tanga mjini, jengo la miaka ya 1960 lenye pembe nane, limejengwa namna ya kuwafanya watu waizunguke altare, kama walivyozoea kumzunguka mwalimu wao chini ya mwembe.

Mkonge wenyewe haukudumu. Mwaka 1964 nchi ilivuna tani zipatazo 230,000, kisha bei ikaporomoka kwa sababu ya nyuzi za viwandani. Mwezi wa Oktoba 1967, baada ya Azimio la Arusha, mashamba mengi yalichukuliwa na serikali. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 mavuno yalikuwa yameshuka hadi tani zipatazo 20,000 tu. Korona zilinyamaza, kambi nyingi zikahamwa au zikageuka vijiji vya wakulima wadogo. Wapo waliorudi kwao, lakini wengi walibaki, maana makaburi ya watoto wao yalikuwa hapa. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipoamua, katika mikutano ya AMECEA ya 1973 na 1976, kuzifanya Jumuiya Ndogondogo za Kikristo kuwa msingi wa uchungaji, wengi waliliona kuwa jambo jipya. Bibi mmoja wa mashamba ya mkonge asingaliona upya wowote ndani yake: majirani kumi na tano, kitabu kimoja, mgonjwa wa kuombewa, na chungu cha uji cha kumpelekea.

Turudi basi kwa yule mwenzetu aliyegeuza njia. Yeye ana hoja, na si vema kuidharau. Anasema: "Mimi nimefundishwa kwamba Misa ndiyo kilele. Bila padre hakuna Misa. Basi nitakwenda padre akiwapo." Sehemu ya kwanza ni kweli kabisa. Ibada ya Neno si Misa, wala haitakuwa Misa hata kwaya ikiimba vizuri namna gani. Idara ya Vatikano inayosimamia Ibada ilitoa mwongozo juu ya ibada za Jumapili pasipo padre tarehe 2 Juni 1988, nao wasisitiza kwamba ibada hizo zisiwazoeze watu kuona padre si lazima, bali ziwaongezee njaa ya Ekaristi. Twawajua waamini wachache wenye kosa la upande huo wa pili, wanaopendelea ibada ya katekista kwa sababu inakwisha upesi. Hao nao wafikiri.

Lakini kutokana na ukweli kwamba Misa ni kilele, mwenzetu huyu amechota jambo lisilomo. Hajaona kwamba siku ya Bwana ina amri ya kukusanyika, na kwamba wanaokusanyika kwa jina la Kristo wameahidiwa kuwa naye. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1248, inashauri kwa nguvu kwamba mahali pasipowezekana Misa waamini washiriki Liturujia ya Neno au wasali pamoja. Mwaka 304, kule Abitina, katika nchi inayoitwa Tunisia leo, Wakristo 49 walikamatwa kwa kosa la kukusanyika Jumapili. Askofu wao alikuwa amekwisha kuvitoa Vitabu Vitakatifu kwa serikali kwa hofu, na wao wangaliweza kusema kwamba mchungaji ameanguka, basi tukae nyumbani. Waliendelea pamoja na padre wao Saturnino, wakamwambia hakimu kwamba hawawezi kuishi bila mkutano wa siku ya Bwana. Kama wao walikusanyika na kifo mlangoni, nasi twalemewa na gulio?

Majirani zetu Waislamu, ambao tumekaa nao pwani hii kwa amani, hawaulizi Ijumaa kama mgeni fulani mkubwa yupo ndipo waende. Adhana ikisikika wanakwenda. Twalisema hili bila kuwafananisha na sisi katika mambo ya imani. Twalisema kwa kuwa vijana wetu wanaliona, na wanatulinganisha.

Neno moja kwa wenye mamlaka ya mifuko ya parokia, yaani halmashauri zetu. Katekista wa zamani alikuwa mkata mkonge mwenye kipande chake, akila kwa jasho lake. Katekista wa leo ni mkulima mwenye watoto shuleni, na bado tunamtaka aandae mahubiri, afundishe komunyo ya kwanza, atembelee wagonjwa na kuzika wafu. Parokia inayonunua vipaza sauti na kinanda huku katekista wake akienda vigangoni kwa miguu imepanga vibaya fedha zake. Tarehe 10 Mei 2021 Baba Mtakatifu Fransisko aliweka rasmi Huduma ya Katekista kwa walei, wake kwa waume, pamoja na adhimisho lake la kuwaweka katika huduma hiyo. Hati hiyo yawakumbuka waziwazi makatekista walei ambao tangu zamani wamekuwa wakiongoza jumuiya katika nchi nyingi za dunia. Tunapoisoma huku Tanga tunaona sura za watu tunaowafahamu, na wengine ambao hawana hata msalaba wa saruji juu ya kaburi lao katikati ya mkonge uliogeuka pori.

Nanyi makatekista mnaotusikiliza, ibada yenu ya Jumapili ina mpango wake. Someni masomo ya siku yenyewe kutoka kitabu cha masomo, yale yale yanayosomwa Kanisa Kuu na duniani kote, msichague mnayoyapenda. Msomaji ajiandae tangu Alhamisi. Sala za Waamini ziwataje watu wa kigango kwa shida zao: aliyelazwa Bombo, aliyepotelewa na mtumbwi, anayengoja mtihani. Sala Kuu ya Ekaristi msiiguse, hiyo ni ya padre. Na mahali ambapo Askofu ameruhusu, mhudumu aliyechaguliwa huchukua parokiani Ekaristi iliyowekwa wakfu katika Misa, naye huipeleka kigangoni kwa heshima, iwe kwa baiskeli au kwa miguu, asisimame njiani kwa mazungumzo. Watu wa kigango wanapoipokea, wanakula meza moja na parokia yao, na padre aliyeadhimisha Misa ile yuko wakati huo huo kilomita 30 mbali, akiungamisha kigango kingine ambacho nacho kilikaa wiki tatu bila kumwona.